Jinsi ya Kujiunga na Freemason Bila Kutoka Mpanda

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeshuka stendi ya Mpanda na begi moja, au uliyezaliwa hapa hapa Makanyagio na umechoka kusubiri msimu wa mpunga, kisha ukakutana na karatasi ya fotokopi kwenye nguzo ya umeme: UTAJIRI, UMAARUFU, KINGA. JIUNGE NA FREEMASON 666. HAKUNA KAFARA. PIGA SASA. Chini yake namba ya simu imerudiwa kwenye vipande vilivyokatwa kwa mkasi, ili uchane kimoja uondoke nacho. Ukitazama vizuri utaona baadhi ya vipande havipo. Usione haya, basi, una wenzako.

Chana chako, tafuta kivuli, usome hatua zifuatazo kabla hujaweka salio.

Hatua ya kwanza: ijue nyumba unayoingia

Walioandika tangazo hawakukueleza historia. Tuwasamehe, karatasi ilikuwa ndogo. Tarehe 24 Juni 1717, loji nne za London zilikutana kwenye kilabu cha pombe kilichoitwa Goose and Gridiron, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, zikaunda Loji Kuu. Kilabu cha pombe, ndugu yangu. Si pangoni wala makaburini. Waliokutana walikuwa wameazima vifaa na vyeo vya mafundi waashi wa zamani: bikari, pembemraba, aproni, na ngazi tatu za mwanagenzi, fundi na fundi mkuu. Gereji yoyote ya Mpanda ina ngazi hizo hizo, ila gereji hata mwanagenzi anashika spana. Loji hakuna anayejenga hata tofali. Wenyewe wanasema wanajenga tabia.

Chama kilivuka bahari mapema. Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia, aliingia mwaka 1731, na mwaka 1734 akachapa kitabu cha katiba yao. George Washington aliingia 1752 akiwa na miaka 20. Tarehe 18 Septemba 1793, akiwa rais wa Marekani, alivaa aproni mchana kweupe, mbele ya umati, akaweka jiwe la msingi la jengo la Bunge. Kwa hiyo atakayekuambia mambo yote hufanyika usiku wa manane, mwulize umati ule uliona nini.

Wala usidhani ni mambo ya wazungu watupu. Kumbukumbu zao zinasema mwaka 1775, mjini Boston, mtu mweusi huru aitwaye Prince Hall na weusi wenzake 14 walipokewa na loji ya askari wa Jeshi la Uingereza. Loji za wazungu wa pale pale hazikuwataka. Wakaandika barua London, wakapewa hati ya mwaka 1784, wakaanzisha African Lodge namba 459. Loji zenye jina la Prince Hall zipo Marekani hadi leo.

Hatua ya pili: hakikisha una sifa

Loji ya kawaida iliyo chini ya Loji Kuu ya Uingereza humtaka mwombaji awe mwanamume mtu mzima, anayemwamini Mungu kwa dini yoyote aliyo nayo, asiye na doa la jinai, na apendekezwe na wanachama wanaomfahamu. Kisha hupigiwa kura ya siri kwa gololi nyeupe na nyeusi. Nyeusi zikizidi kiwango, na kiwango chenyewe ni kidogo, anarudi kwao. Akipita, hutakiwa atamke kwamba hakuja kwa tamaa ya fedha.

Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Kile kile kilichokufanya uchane karatasi ndicho kinachokuondolea sifa.

Siku ya kuingizwa, mgeni hufungwa kitambaa machoni, hukunjwa suruali mguu mmoja, na huvuliwa kila kilicho cha chuma na kila senti. Kisha, akiwa amesimama hivyo hivyo mfuko mtupu, huombwa atoe sadaka. Anababaika, anasema sina. Anaambiwa aikumbuke hali hiyo siku atakapokutana na mwenye shida. Mafunzo ya nguzoni nayo yatakufikisha hapo hapo pa kutokuwa na senti mfukoni. Tofauti ni kwamba wale wa loji hurudisha.

Tangazo, kwa upande wake, limekuondolea usumbufu wote huu. Mwanamke, mwanamume, mwenye dini, asiye nayo, anayefahamika na asiyefahamika, wote wanafaa, mradi simu iwe na uwezo wa kutuma pesa.

Hatua ya tatu: andaa ada

Piga simu. Mazungumzo yatakwenda takriban hivi:

"Habari, mteule."

"Nzuri, mkuu."

"Unapiga kutoka wapi?"

"Mpanda."

"Mpanda ya Mbeya?"

"Ya Katavi, mkuu."

"Sawa. Nyota yako tumeshaiona."

Usishangae kwamba ameiona nyota asiyoweza kuiona mkoa wake. Fomu ni elfu thelathini na tano. "Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja la dada mmoja, usijali, ni katibu wetu." Ukishatuma utapokea WhatsApp picha ya mtu mwenye joho jekundu na fuvu mezani. Joho lako linashonwa, elfu sabini. Kesho yake milioni hamsini zinakuwa tayari zimeingizwa kwenye akaunti yako ya chama, imebaki ada ya kuzifungua. Ukiitoa, inakuja kodi ya kuzitoa nje ya nchi. Ukisema makato hayo yatolewe kwenye hizo hizo milioni hamsini, utaambiwa kwa upole kwamba fedha za agano hazikatwi. Na kila simu itamalizika kwa onyo moja: usimwambie mtu, hata mkeo. Ukivunja siri utarukwa na akili.

Hapo ndipo penye kazi ya siri. Mtu pekee anayeweza kuivunja biashara hii ni mkeo, au kaka yako, au yule mama wakala wa pale Majengo ambaye ameshaona vijana watatu wakituma kwenye jina hilo hilo la dada. Ukiwaficha hao, umemlinda tapeli kwa gharama zako mwenyewe.

Siri za Freemason wa kweli zilishavuja kitambo. Mwaka 1730 Samuel Prichard, aliyekuwa mwanachama, alichapa London kijitabu chenye maswali, majibu na alama zao, na kikarudiwa kuchapwa mara nyingi. Miaka karibu mia tatu baadaye unauziwa kwa elfu thelathini na tano kitu kilichokuwa kikiuzwa madukani Mfalme wa Uingereza akiwa George wa Pili.

Nchini Marekani, kisa cha siri kiliwahi kuwatokea puani wenyewe. Mwaka 1826 William Morgan wa Batavia, jimbo la New York, alitangaza kwamba atachapa mambo ya loji. Akakamatwa kwa deni dogo, akatolewa jela ya Canandaigua na watu waliomchukua kwa gari la farasi, na hakuonekana tena. Waliohusika walipewa adhabu nyepesi, na wananchi wakauliza: mahakimu hawa wanamtii nani? Hasira hiyo ilizaa chama cha siasa cha kuwapinga Freemason. Mwaka 1831 chama hicho kiliitisha Baltimore mkutano mkuu wa kitaifa wa kumteua mgombea urais, wa kwanza wa aina yake nchini humo. Na mgombea wao, William Wirt, alikuwa mwenyewe amewahi kuwa Freemason. Alishinda jimbo moja tu, Vermont.

Hatua ya nne: mjue mbuzi

Mtaani utaambiwa kuna mbuzi. Ni kweli, yupo. Alitengenezwa na ndugu wa DeMoulin katika mji wa Greenville, jimbo la Illinois, kuanzia miaka ya 1890. Alikuwa na manyoya, pembe, na magurudumu. Mwanachama mpya wa chama cha kindugu alipandishwa mgongoni akiwa amefungwa macho, akasukumwa ukumbini, na magurudumu yaliyopindishwa makusudi yakamrusha huku na huku wenzake wakicheka hadi kushika mbavu. Katalogi ya karakana hiyo ilikuwa pia na viti vya kuporomoka na vifaa vya kupiga shoti. Biashara ya mbuzi ilipofifia, kiwanda kikashika zaidi kazi ya kushona sare za bendi. Zikumbuke sare hizo. Tutakutana nazo mbele.

Shetani naye ana mtengenezaji wake. Mwaka 1885 Mfaransa Léo Taxil, aliyekuwa akiishi kwa kulitukana Kanisa, alijidai ameongoka. Kwa miaka 12 alitoa maandiko juu ya ibada za Lusifa ndani ya loji. Katika hadithi moja ya kundi lake shetani anatokea kwa umbo la mamba na kupiga piano. Sisi tuliowaona mamba wa mto Katuma wakilaliana kwenye tope la kiangazi tungeuliza hata namna anavyokaa kwenye kiti. Ulaya watu wazima waliamini. Tarehe 19 Aprili 1897, mbele ya waandishi na mapadri katika ukumbi wa Chama cha Jiografia jijini Paris, Taxil alisema yote yalikuwa uongo wake, akawashukuru waliomsaidia kuueneza. Ukumbi ulichafuka. Yeye akaondoka salama, uongo ukabaki, na sehemu kubwa ya unachokisikia kijiweni leo ni makombo ya meza ile.

Haki isemwe: katazo la Kanisa Katoliki halikutoka kwa Taxil. Papa Klementi wa 12 aliwapiga marufuku mwaka 1738, na Leo wa 13 akarudia kwa ukali mwaka 1884, mwaka mmoja kabla Mapadri Weupe hawajakabidhiwa ngome ya Karema na Wabelgiji. Sababu zake ni za imani na viapo, na Vatikani imezithibitisha tena mwaka 1983 na 2023. Mkatoliki wa Mpanda anayeitaka loji ya kweli aanze kwa padri wake. Anayeitaka ya nguzoni aanze kwa polisi.

Hatua ya tano: jifunze kuwatambua

Kwa vigezo vya kijiweni, Freemason wa mkoa wa Katavi ni mtu yeyote mwenye mojawapo ya dalili hizi:

Amenunua Fuso bila kuwaaga. Amejenga nyumba ya vigae na geti lake halina tundu la kuchungulia. Anavaa pete kubwa. Haongei sana msibani. Duka lake halifungwi hata mvua ikinyesha. Amepata dhahabu Dirifu kwenye shimo lililokataliwa na wengine.

Chukua dalili ya kwanza. Mwenye Fuso wa Majimoto hununua mpunga mwezi wa sita, wakati kila mkulima wa Mpimbwe anauza kwa pamoja kwa sababu ya ada ya shule na madeni ya mbolea. Anauweka ghalani. Mwezi wa pili, mvua imekata barabara na vihenge vimebaki vumbi, anafungua mlango na kuuza gunia lile lile kwa bei nyingine kabisa, mara nyingine kwa mkulima yule yule aliyemuuzia. Huo ndio uchawi wenyewe, na unauma zaidi ya kafara kwa sababu tunauona ukifanyika kila mwaka. Kusema "huyo ni Freemason" kunatupumzisha tusiulize kwa nini sisi hatuna ghala.

Freemason wa kweli aliyejulikana kuliko wote nchini hakuhitaji kutambuliwa, alijitaja mwenyewe. Sir Andy Chande, yaani Jayantilal Keshavji Chande, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 akakulia Bukene, huko huko Tabora ambako treni yetu hupitia. Aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, akaeleza maisha yake kitabuni. Jumba lao la Dar es Salaam liko katikati ya mji. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya kusaga nafaka ya familia yake ilitaifishwa, na Mwalimu Nyerere akamkabidhi yeye kuiendesha kama mali ya umma. Alifariki Aprili 2017. Kama loji ingekuwa kinga ya mali, basi kinga hiyo ilipitwa na usiku mmoja wa Februari.

Hatua ya sita: wajue waliokutangulia

Ukitaka chama chenye vyeo, mavazi na udugu wa kiapo, huna haja ya kuagiza. Pwani, kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya Beni kwa kuiga bendi za kijeshi. Dar es Salaam kulikuwa na Marini, waliojiona wastaarabu, na Arinoti, waliotoka zaidi kwa vibarua na wageni wa mji. Kulikuwa na Kingi, kulikuwa na majenerali na madokta, wote kwa suti zilizopigwa pasi na sare za kupendeza. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi waliokuwa wametembezwa nchi nzima waliieneza bara, Tabora na Ujiji zikiwemo. Mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima kuhusu Beni mwaka 1975.

Nyuma ya tarumbeta kulikuwa na daftari. Mwanachama mgeni alipokewa na wenzake katika mji asiomjua mtu. Akiugua alichangiwa. Akifa alizikwa kwa maandamano. Wakoloni wa Kiingereza waliwaona watu weusi wenye vyeo, matawi na mawasiliano ya mji kwa mji, wakaingiwa na wasiwasi wakaanza kuwachunguza. Kwa hiyo kulikuwa na wakati mzungu aliyetoka kwenye nchi ya loji alikosa usingizi kwa ajili ya chama chetu.

Huku kwetu bara, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Kina ngazi, kina ada, kina dawa za kuumwa na nyoka ambazo mtu wa nje haelezwi, na mtaalamu wa zama za ukoloni Hans Cory aliandika makala juu yao mwaka 1946. Utaona ubora wake mara moja: mwanachama wa Bayeye hutakiwa amshike nyoka mbele ya watu. Mkuu wa nguzoni hajawahi kutakiwa ashike chochote zaidi ya simu.

Hatua ya saba: tembelea loji ya mtaani kwako

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tangazo halina habari nalo. Wamarekani walifuata nini kwenye vyama vyao vya kindugu? Thomas Wildey alianzisha tawi la Odd Fellows huko Baltimore mwaka 1819, na kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa, kuzika wafu na kuwatunza yatima. Mwaka 1868, huko Meadville, Pennsylvania, fundi wa reli John Jordan Upchurch alianzisha Ancient Order of United Workmen, ambako kila mwanachama alichanga kiasi kidogo mwenzake akifa, na mjane akakabidhiwa fungu lake. Vingine vikaiga. Loji nyingi ziliajiri daktari aliyewatibu wanachama kwa dola mbili hivi kwa mwaka. Wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia 1910 mwanamume mmoja kati ya watatu nchini humo alikuwa mwanachama wa chama cha aina hii. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani wasio na bima wala pensheni, na joho la kikao cha Jumanne usiku ndilo lililokuwa hati ya mazishi yao.

Baadaye zikaja kampuni za bima, ikaja Hifadhi ya Jamii ya serikali mwaka 1935, na hitaji likapungua. Freemason wa Marekani walipita milioni nne mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hawafiki milioni moja.

Nenda sasa Kawajense au Nsemulwa siku kikundi cha kina mama cha VICOBA kinapokutana. Fika mapema, kaa nyuma, nyamaza. Sanduku la chuma linawekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, wasiotoka nyumba moja. Halifunguki mmoja akikosekana. Mwenyekiti anaita kwa namba, si kwa jina. Aliyechelewa analipa faini bila kujitetea. Anayeongea na simu analipa mara mbili. Mweka hazina anahesabu kwa sauti, wote wakisikia, na mfuko wa jamii unatengwa pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Ukitaka kuingia, lazima uwe na mdhamini anayekufahamu, na wanachama watakujadili ukiwa nje. Wengine wamerudishwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, kwa hiyo hata hati wanayo.

Hakuna joho, na milioni hamsini haziji.

Hatua ya mwisho: ukishapigwa

Kama umesoma mwongozo huu baada ya kutuma, fanya haya. Usitume tena, hata kidogo, hata "ya kufunga faili". Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wakati wa fomu uliwatumia picha ya kitambulisho cha NIDA pamoja na ya pasipoti. Nenda polisi na ujumbe wote bila kuufuta. Na wiki ijayo atakapokupigia mtu mwingine, wa "kitengo cha kurejesha fedha za waliotapeliwa na Freemason bandia", akakuomba ada ya kufungua jalada, ujue ni yule yule, amebadili sauti.

Na kama hujatuma bado, una namba mkononi na moyo unakudunda, mtumie mkuu swali moja kwa meseji ya kawaida: "Mwaka jana mlimzika nani?" Prince Hall angelijibu, Kingi wa Arinoti angelijibu, mwenyekiti wa Kawajense atakutajia jina la marehemu, kiasi walichochanga na nani alibeba maharage. Mkuu akikujibu kwa kukutajia kiasi cha kutuma, umeshajibiwa.